Mugaathe Jukwaani: Wahome Mutahi na Kicheko cha Miji ya Mlima Kenya

Mcheshi aliyependwa kuliko wote katika televisheni ya Kenya alikuwa Mgikuyu aliyeigiza Mjaluo. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, taifa zima lilimjua kama Mzee Ojwang', na wengi waliokua miaka ya 1980 hawakuwahi kushuku kwamba lafudhi ile ya Nyanza ilikuwa ya kuazima. Katika kipindi cha Vitimbi aligombana na Mama Kayai, mkewe wa kwenye skrini, akakopa, akadaiwa, akaumbuka. Katika Vioja Mahakamani alijitetea mbele ya hakimu kwa hoja zisizo na kichwa wala miguu. Vilikuwa vichekesho vizuri, nami sitaki kuvibeza. Lakini mwenye kuchekwa ndani yake alikuwa daima mtu mdogo: mwizi wa kuku, mume mlevi, mpangaji mkaidi. Ikulu haikuonekana. Ikulu ilikuwa na nafasi yake katika taarifa ya habari, na kila jioni Sauti ya Kenya ilianza na Mtukufu Rais, hata kama siku hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kwenda kanisani.

Huku Nyeri kulikuwa na mcheshi mwingine ambaye hakutajirishwa na skrini hiyo. Alikuwa mwandishi na mwigizaji kwa pamoja, akamfanya Mtukufu mwenyewe kuwa kichekesho, na akakipeleka kichekesho hicho kwenye baa, kati ya meza za tusker na sahani za nyama choma. Jina lake ni Wahome Mutahi. Wasomaji wa gazeti walimwita Whispers.

Alizaliwa Nyeri tarehe 24 Oktoba 1954. Miezi michache kabla, kuanzia Juni mwaka huohuo, serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kuwahamisha Wagikuyu kwa nguvu kutoka kwenye mashamba yao na kuwarundika katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na seng'enge, ili wapiganaji wa Mau Mau wakose chakula na habari. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao, alikamatwa pembezoni mwa msitu wa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, siku tatu kabla ya Wahome kutimiza miaka miwili, na kesi yake ikasikilizwa mjini Nyeri. Mji huohuo ulikuwa na mzaha wake wa ajabu: upande mmoja gereza la King'ong'o, upande mwingine hoteli ya Outspan yenye bustani ambamo Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alijengewa nyumba yake ya uzeeni, na karibu na hapo hoteli ya Treetops, ambako Elizabeth alilala binti mfalme akaamka malkia mwezi Februari 1952. Mwandishi wa vichekesho aliyezaliwa mahali kama hapo hakuhitaji kubuni mengi.

Zaidi ya gereza na hoteli, kitu cha tatu cha Nyeri kilikuwa Kanisa Katoliki. Wamisionari wa Consolata kutoka Torino, Italia, walifika Tuthu, Murang'a, Juni 1902, na baada ya muda mfupi wakajenga kituo chao kikuu Mathari, Nyeri. Wakaleta mashamba ya kahawa, viwanda vya mbao, shule, hospitali, na mapadri wenye ndevu waliojifunza Kigikuyu kikavaa lafudhi ya Kiitaliano. Yeyote aliyewahi kuungama kwa padri wa namna hiyo atamtambua mara moja Father Camisassius, padri mkali wa hadithi za Whispers, anayewatisha waumini wa mlimani kwa moto wa jehanamu. Jina lenyewe lina utani wa ndani: Kanoni Giacomo Camisassa alikuwa msaidizi wa Giuseppe Allamano katika kulianzisha shirika la Consolata. Waumini wa Nyeri walilijua. Wasomaji wa Kisumu na Mombasa walicheka tu kwa sababu linachekesha.

Wahome alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi, kisha akaajiriwa katika utawala wa mikoa kama afisa wa tarafa, yaani D.O. Kipindi hicho hakikuwa kirefu, lakini nadhani ndicho kilichompa nusu ya mtaji wake. D.O. ndiye aliyesimama kwenye baraza la chifu akiwa na kofia ya serikali, akasoma hotuba ya mkuu wa wilaya, ambaye naye alisoma ya mkuu wa mkoa, ambaye naye alisema alichosema Rais. Maneno yaleyale yakashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa mama aliyekaa chini kwenye nyasi. Mtu mwenye sikio la vichekesho akilazimishwa kusoma hotuba hizo, ama ataugua ama ataacha kazi. Wahome aliacha, akaingia uandishi wa habari.

Safu ya Whispers ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika kurasa za Sunday Nation ikawa desturi ya Jumapili katika nyumba nyingi. Watu walianza gazeti kwa nyuma. Ilikuwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza kilichotiwa Kigikuyu, Kiswahili na sheng mpaka Mwingereza angehitaji mkalimani. Mhusika mkuu, anayejiita Mwana wa Udongo, ametoka miteremko ya Mlima Kenya, anaishi Nairobi, anapenda chupa, na anajitangaza kuwa kichwa cha nyumba. Nyumba yenyewe inatawaliwa na mkewe, Thatcher. Mwanawe, Whispers Junior, ni jambazi wa nyumbani. Bintiye, Pajero, ni kitegauchumi, kwa kuwa baba yake anahesabu mahari kabla hata hajamaliza shule. Huko kijijini yuko mama yake, Appepklonia, mcha Mungu asiyetikisika, na Mwalimu Damiano, ambaye fimbo yake haikumsaza mtoto yeyote wa kizazi hicho.

Hili la Thatcher nataka kulikalia kidogo. Mwaka 1984 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha Spitting Image, kipindi cha vikaragosi ambacho kila wiki kilimvika Margaret Thatcher suti ya kiume na kumwonyesha akiwafokea mawaziri wake kama watoto wa chekechea. Waingereza walimcheka waziri wao mkuu sebuleni mwao, kwenye skrini, na hakuna aliyelala korokoroni. Nchini Kenya katika miaka hiyohiyo hapakuwa na televisheni ila ya serikali, na kumcheka Rais hadharani kulikuwa kuchezea sharubu za simba. Wahome akaifanyia kazi njia ya kando. Alimleta Thatcher Nairobi, akamfanya mama wa nyumba. Hivyo kila Jumapili wasomaji walikutana na utawala wa mtu mmoja: amri zisizojadiliwa, mlango unaofungwa saa fulani, bajeti isiyohojiwa, mume anayelalamika kwa sauti ya chini na kupiga kelele akiwa baa tu. Thatcher halisi alizuru Kenya Januari 1988 na kupokewa kwa heshima zote za serikali. Hakujua, bila shaka, kwamba alikuwa na jina lake jingine katika nchi ile, na kwamba nyumba nyingi za Wakenya zilikuwa zimeshapata Thatcher wao.

Kabla ya ziara hiyo, safu ilikuwa imemponza mwenyewe, au labda si safu bali zama. Mwaka 1986 serikali ya Rais Moi ilianza msako wa watu iliodai ni wa kundi la siri la Mwakenya. Walimu wa vyuo, wanafunzi, wanahabari na wakulima walitoweka mitaani na kuibuka baada ya siku nyingi mbele ya hakimu, mara nyingi jioni, bila wakili, wakikiri makosa. Katikati walikuwa wamepita katika vyumba vya chini ya jumba la Nyayo House, vyumba vya giza ambavyo vilijazwa maji ili mtu asilale. Wahome na nduguye, Njuguna Mutahi, walikamatwa Agosti mwaka huo. Walizuiliwa humo karibu mwezi mzima, kisha wakahukumiwa kifungo cha miezi kumi na mitano.

Alipotoka aliandika mambo mawili ambayo hayakuwa ya kuchekesha. Riwaya ya Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka 1991, inahusu watu wawili, Chipota na Momodu, wanaokamatwa kwa makosa na kuteswa katika nchi inayotawaliwa na mtu anayeitwa kwa sifa tu, si kwa jina. Mwaka 1992 ikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, na mwaka huohuo ikafuatiwa na The Jail Bugs, inayoeleza maisha ya gerezani kuanzia chawa hadi askari jela. Walimu wa fasihi huzisifu hizi kuliko kazi zake nyingine. Mimi naona ni kazi za mtu anayelipa deni: alikuwa amekiona kitu, ilimbidi akiseme kwa uzito, akakisema. Kipaji chake halisi kilikuwa kikisubiri mahali pengine.

Mahali hapo palikuwa jukwaa la Kigikuyu, na jukwaa hilo lilikuwa na makovu. Mwaka 1977, Kamiriithu karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi waliigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii. Kibali kikafutwa Novemba, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 tamthilia nyingine ya Ngugi wa Thiong'o, Maitu Njugira, ilizuiwa isiingie Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza, na ukumbi wa Kamiriithu ukabomolewa. Tangu hapo kila anayetaka kuigiza hadharani alijua kwamba lazima apitie ofisi ya serikali na karatasi mkononi. Mwaka 1991 hata mchezo uliotokana na Animal Farm ya George Orwell ulinyimwa kibali. Wahome alikuwa amewahi kuwa D.O. Aliufahamu mfumo huo kutoka upande wa pili wa meza.

Lakini Desemba 1991 kifungu kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kilifutwa, na hofu ikaanza kuvuja. Miji ya chini ya mlima, kuanzia Karatina hadi Othaya hadi Nyeri yenyewe, iliingia katika muongo huo na hasira ya sababu nyingi. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulikuwa umevunjika mwaka 1989 na bei ikaporomoka. Wakulima wakapeleka kahawa kiwandani, wakapewa karatasi badala ya pesa, na baadhi wakang'oa mibuni. Vyama vya ushirika vikageuka uwanja wa vita. Kisiasa eneo lilikuwa upande wa Mwai Kibaki wa Othaya au Kenneth Matiba wa Murang'a, kwa hiyo barabara zake hazikuwa miongoni mwa zile zilizokumbukwa Nairobi. Watu hao hawakuwa na haja ya kuambiwa kwamba mambo yameharibika. Walikuwa na haja ya kukaa pamoja wakayacheka.

Akishirikiana na Wahome Karengo, aliandika tamthilia kwa Kigikuyu. Mojawapo ni Mugaathe Mubogothi. Mugaathe ndiye mtukufu, na mubogothi ni mtu anayepayuka, anayesema ovyo kama mwenye homa. Hakuna aliyeketi katika baa ya mkoa wa Kati katika miaka ya 1990 aliyehitaji kuelezwa ni mtukufu yupi, kwani redio ilimtaja kila siku. Nyingine ni Makaririra Kioro, yaani watalilia chooni, na Igoti ria Muingi, mahakama ya umma. Hili la mwisho hunifanya nitabasamu nikikumbuka Vioja Mahakamani. Kwenye skrini ya serikali, mwananchi ndiye aliyesimamishwa kizimbani.

Wahome mwenyewe alipanda jukwaani. Hapa ndipo namfikiria Charles Chaplin, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1889, ambaye vichekesho vyake vifupi vilifika vijijini Afrika kwa magari ya sinema ya serikali ya kikoloni: shuka jeupe likitundikwa, jenereta likinguruma, kwanza somo la kuchimba choo au kupalilia, kisha yule kijana mwenye kofia na fimbo anaanguka. Mwaka 1940 Chaplin alitoa The Great Dictator, filamu aliyoiandika, akaiongoza na kuigiza ndani yake dikteta anayehutubia umati kwa lugha isiyo lugha, ngurumo tupu na kikohozi. Sidai kwamba Wahome alimwiga. Ila wote wawili waligundua jambo lilelile: mtawala wa kutisha hupungua kimo pale mcheshi anapoyachukua maneno yake na kuyasema kwa ukamilifu, bila kuongeza chumvi nyingi, mpaka watu wasikie kwamba hayana kitu. Tofauti ni kwamba Chaplin alikuwa na studio yake mwenyewe na maelfu ya majumba ya sinema, na Hitler alikuwa ng'ambo ya bahari. Mugaathe wa Wahome alikuwa na D.O. katika kila tarafa.

Na kwa nini baa? Jibu la haraka ni kwamba kumbi hazikuwepo. Nyeri ina kanisa kuu, ina uwanja, ina soko, lakini ukumbi wa michezo wa kumlipa mwigizaji haikuwa nao, na Karatina na Nanyuki vivyo hivyo. Jibu la pili ni la kibiashara. Mwenye baa ana viti, ana taa, ana wateja Ijumaa na Jumamosi, na anafurahi ukimletea wengine. Jibu la tatu ndilo ninaloliamini zaidi. Katika ukumbi wa heshima watu hunyamaza gizani na kupiga makofi mwishoni. Katika baa mtazamaji ana chupa mkononi na hajawahi kuombwa kunyamaza. Mugaathe akisema uongo, kuna mzee atamjibu kutoka meza ya kona. Mhudumu anapita na sinia katikati ya Baraza la Mawaziri. Mtu anayetoka chooni anajikuta ndani ya mchezo. Kwa mwigizaji dhaifu hayo ni maafa, kwa Wahome ilikuwa ndiyo kazi yenyewe: kulichukua jibu la mzee, kulirudisha likiwa na mkia, na kuendelea. Televisheni isingeweza kumpa hilo hata kama ingemfungulia mlango. Ojwang' aliigiza mbele ya kamera akijua nchi itacheka baadaye, mahali asipoweza kuisikia.

Lugha nayo ilikuwa ulinzi. Kiingereza cha safu kilisomwa na kila afisa wa usalama mwenye cheti, na kilipita mikononi mwa wahariri waliokuwa na wanasheria wao. Kigikuyu cha baa, chenye methali zilizopinda na vijembe vya mahari na kahawa, kilimtaka mpelelezi awe mwenyeji kweli, na mpelelezi mwenyeji huenda naye alikuwa na mibuni nyumbani.

Ulinzi huo ulikuwa na bei yake. Mkenya wa Kakamega au Kilifi aliyempenda Whispers wa Jumapili hakupata kumjua huyu wa jukwaani. Kuna wakosoaji wanaosema kwamba kicheko cha kabila moja dhidi ya rais wa kabila jingine kina hatari zake, hasa katika muongo uliokuwa na mapigano ya Bonde la Ufa. Wana hoja. Nawajibu kwamba safu yake ilikuwa imewacheka Wagikuyu kwa miaka mingi, tamaa yao ya pesa, pombe yao, padri wao, mama zao, na mtu aliyejicheka kwanza kwa muda wote huo alikuwa na ruhusa ya kuendelea kwa jirani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mlango wa skrini ulifunguka, ila waliopita walikuwa vijana wengine. Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, watatu waliojiita Redykyulass, waliigiza hadharani kisha kwenye televisheni, Mong'are akiwa Moi mwenyewe: rungu, sauti nzito na yote. Nchi ilishika mbavu. Wengi husema hapo ndipo Wakenya walipoanza kumcheka Rais. Wanakosea kwa miaka kadhaa na kwa umbali wa barabara ya kwenda Nyeri.

Desemba 2002 KANU iliangushwa, na Kibaki, jirani wa nyumbani, akaapishwa kuwa rais tarehe 30. Mapema mwaka 2003 serikali mpya ilivifungua vyumba vya Nyayo House ili umma uvione. Kwa mcheshi wa Nyeri mabadiliko hayo yalileta swali gumu kuliko yote yaliyotangulia. Kumcheka Mugaathe wa mbali ni jambo moja. Sasa Mugaathe alikuwa wa Othaya, alisali kanisa lilelile, na wanywaji wa baa zilezile walikuwa wakimshangilia. Je, wangekubali apayuke kwa sauti ya Kibaki?

Hakupata nafasi ya kujaribu. Tarehe 7 Machi 2003 aliingia hospitalini Thika kwa upasuaji mdogo na hakuzinduka. Alihamishiwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, akalala bila fahamu kwa miezi minne na zaidi huku wasomaji wakifuatilia habari zake gazetini, akafariki tarehe 22 Julai. Alikuwa na miaka 48.

Jibu la swali lake lilitolewa na wengine. Mwaka 2009 mchoraji Gado alianzisha The XYZ Show kwenye runinga ya Citizen, vikaragosi vya mpira vilivyofuata mfano wa Ufaransa na wa ile Spitting Image ya Uingereza, na miongoni mwa vikaragosi vya kwanza alikuwa Kibaki, akichanganyikiwa, akilipuka kwa matusi yake mashuhuri. Kigikuyu nacho kilipata skrini: kwanza diski za vichekesho vya waigizaji Machang'i na Kihenjo, zilizouzwa kwenye steji za matatu na kuchezwa katika mabasi ya kwenda mlimani, kisha mwaka 2015 Inooro TV, kituo kizima cha lugha hiyo. Vichekesho vya diski vinafurahisha, ingawa vimerudi zaidi kwa mlevi na mkewe, palepale alipoanzia Mzee Ojwang'.

Wasomi wamemtendea Wahome haki. Hervé Maupeu na Patrick Mutahi walihariri kitabu kizima juu yake mwaka 2005, na George Ogola akaichambua safu yake kwa kina katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Wachapishaji wa Kenya nao wakaanzisha Tuzo ya Fasihi ya Wahome Mutahi, ambayo mwaka 2006 ilikwenda kwa Onduko bw'Atebe kwa riwaya yake The Verdict of Death. Tuzo hiyo hushindaniwa na vitabu vya Kiingereza na vya Kiswahili. Mugaathe Mubogothi, ikiwa ya Kigikuyu, isingepokewa.